Nguzo ya Kumi na Saba

Tangu nistaafu benki, kazi yangu ni nguzo.
Alfajiri, kabla jua la Mabela halijaanza kudai kodi,
natoka na raba zangu na simu yenye chaji,
nahesabu taa, kuanzia msikitini hadi kwa muuza matairi,
na kila nguzo imevishwa matambara ya watu:
CHUMBA KWA MABACHELA, MAJI NA UMEME NDANI.
TUNAHAMISHA VYOMBO, TUNAFUNGUA VITANDA.
KIYOYOZI KIMEKUSUSIA? PIGA.
Chini zimekatwa vidole vidole,
kila kidole na nambari yake,
upepo ukija vinapunga.

Napiga picha. Naituma baladia.
Jibu linarudi: ripoti yako imepokelewa.
Asikudanganye mtu, kupokelewa kuna raha yake.

Yarubi, kijana wa kikwangulio na ndoo ya sabuni,
aliniuliza siku moja kwa Kiarabu cha adabu:
mama, hizi karatasi zimekukosea nini?
Nikamwambia mji ni uso, na uso haubandikwi.
Hakujibu. Alikuwa kwenye gundi,
na gundi haina habari na maneno.

Ripoti mia mbili na kumi na moja.
Wajukuu watatu.
Hawa siwaripoti, ila sizungumzi nao pia:
tuna biskuti, tuna vidole, tuna kutikisa kichwa.
Azani ana neno moja tu la kwetu, "bibi",
nalo kwake ni kitufe,
akilibonyeza inatoka juisi.

Jumanne nilikuwa na haraka, nimeacha samaki kwenye maji.
Nguzo ya kumi na saba: karatasi ya daftari, wino wa buluu.
Sikusoma. Nani anasoma ushahidi?
Nikapiga, nikatuma, nikaenda kupaka samaki bizari.

Usiku nafuta picha, simu imejaa,
ndipo ule mwandiko ukanishika mkono:

NAFUNDISHA KISWAHILI
wajukuu wasiosikilizana na bibi zao.
Nakuja nyumbani. Sitaki nyingi.
Hadithi bure.

Nilivaa abaya juu ya kanga ya kulalia,
nikaenda mbio, mimi na magoti yangu haya.
Nguzo ilikuwa safi.
Siku zote wanakaa wiki, siku hiyo wamefanya kazi!
Umebaki mraba wa gundi,
na vumbi limeshaanza kuung'ang'ania.

Kwenye picha, nambari ina tarakimu nane.
Sita zinasomeka. Mbili zimelaliwa na kanda.
Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole,
basi sikumwambia mtu.
Nikaanza sifuri sifuri.

Gereji, Barka.
Mtoto aliyekata.
Fundi wa Kibangali, nimemwamsha, akaomba radhi yeye.
Kumi na tisa, mwanamke analia,
amenidhania mwingine; nikamwacha anidhanie
mpaka akamaliza.
Thelathini na nane haipatikani.
Thelathini na tisa yuko Salala, akaniambia huko mvua inanyesha,
kana kwamba nimempigia kwa hilo.
Kila anayepokea namwamkia kwanza kwa Kiswahili,
nangoja kidogo,
halafu namwomba samahani kwa Kiarabu.

Nimefika arubaini na sita.

Jana nimechana ukurasa wa daftari la Azani.
Nimeandika, mkono umepinda kama wa darasa la kwanza:
MWALIMU, NDIYE MIMI NILIYEKUSHITAKI.
NINA WATATU. NJOO.
Nambari yangu, yote nane, mara kumi, vidole vidole.
Kanda nimeikata kwa meno.
Nimeangalia huku, nimeangalia kule,
gari la taka limepita, dereva kanipa salamu,
moyo wangu ukalia kama kengele ya benki.

Karatasi ikashika.
Nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama,
na huu mkono, huu uliozoea,
ukatoa simu, ukapiga picha.

Imetoka vizuri.
Kila herufi inasomeka.