Cherehani ya Burul

Nilifika Naryn na sweta mbili na cheti cha uhasibu,
mtu wa kujitolea, miezi tisa, posho ya chakula na kitanda.
Wakanikabidhi daftari la Kundi la Tano:
wanawake watano, dhamana yao ni wao wenyewe,
mmoja akikwama wanne wanavuta.
Nikasema hii naijua, huu ni upatu wenye mhuri.

Baridi ndiyo sikuijua.
Wino uligoma kalamuni; niliupasha moto kwapani
kabla ya kuandika jina la mtu na deni lake.

Sairakul alikopa akanunua kondoo.
Jipara alikopa akanunua kondoo, akawauza, akamwoza kijana.
Anarkan na mkaza mwanawe walikopa tanuri la mikate.
Burul alikopa cherehani,
som elfu thelathini, rejesho kila Jumanne ya pili,
akashona makoti ya watoto wa shule
yenye bitana ya mablanketi ya zamani,
mfuko mmoja ndani, wa siri, bure.

Siku ya kwanza kwake alinimiminia chai
kiduchu, chini kabisa ya kikombe, kama dawa ya mtoto.
Nikajisemea moyoni: mama huyu mchoyo.
Nikamaliza, akaongeza kiduchu. Nikamaliza, akaongeza.
Mara kumi na moja; nilihesabu, kazi yangu ni kuhesabu,
na kila mara mkono wake ulikuwa njiani
kabla wangu haujatua.

Machi ng'ombe wake alivunja barafu ya mto, akazama.
Machi hiyohiyo mumewe akaacha kutuma pesa kutoka Urusi.
Rejesho moja. La pili. Wanne wakavuta.
La tatu wakavuta kwa kunung'unika.
La nne hawakuvuta.

Mkutanoni nilitaka kuwapoza kwa neno la kwetu:
kukopa harusi, kulipa matanga.
Nurzat akalitafsiri. Hakucheka mtu.
Jipara akauliza, Matangani kwenu mnachinja nini?
Sikuwa na jibu linaloingia kwenye daftari.

Alhamisi tukaenda: wale wanne, Nurzat, na mimi.
Utaratibu unataka shahidi wa ofisi.
Shahidi, ndivyo walivyoniambia.
Lakini nani ataibeba?
Sairakul alizalishwa na Burul usiku wa dhoruba,
Anarkan ni binamu yake,
kila mmoja akawa anatazama viatu vyake.
Ndipo nikainama mimi.

Kwanza chai, akasema Burul.
Akamimina, na safari hii akajaza,
mpaka ukingoni, mpaka chai ikatetemeka,
nami mjinga nikafurahi: amenisamehe.
Nikashukuru kwa maneno matatu ya Kikirigizi niliyokuwa nayo.
Sairakul alikuwa ameshasimama.

Njiani, cherehani kifuani, imefungwa shuka,
uzi mwekundu ukitambaa nyuma yetu kwenye theluji,
Nurzat akanieleza, bila kunitazama:
Hapa mgeni unayempenda humjazii.
Unampa kidogo, upate kumrudia, umrudie tena.
Ukimjazia, unamwambia
kunywa, uende.

Taarifa nimeandika. Marejesho asilimia mia.
Makao makuu wamenipongeza.
Ukurasa wa Burul nimeufunga kwa mistari miwili,
kama tulivyofundishwa.

Sindano moja ilibaki kwenye koti langu,
hunichoma kila nitiapo mkono mfukoni.
Haimo kwenye orodha ya dhamana, nimeangalia.
Nimekwenda mara mbili kuirudisha.
Dohani inatoa moshi, pazia linacheza,
mlango haufunguki.
Mbwa wake ameshanizoea.