Chanja

Mama yuko Tabata kwa dada, analea mjukuu,
na kwenye simu hakuuliza habari ya ng'ombe.
Aliuliza: Waridi langu limechanua?
Basi usiliache lipukutike topeni.

Nikayachuma saa nne, umande umekauka,
yale yaliyofunguka mpaka yakachoka,
nikayanyambua petali mojamoja
kisha nikakosa pa kuzianika.
Gazeti lililoa. Ungo una unga.
Julai hii ya Uru, ukungu unaingia bila hodi
na kukaa kwenye kochi.

Nyuma ya zizi nikaikuta chanja ya Baba,
wavu una kutu, miguu mitatu na tofali,
chanja iliyonilipia ada mpaka kidato cha nne,
kabla hajang'oa mibuni akapanda parachichi.

Akatoka na kikombe chake.
"Hiyo ni ya kahawa."
Kahawa ilishaondoka, Baba.
"Kahawa inapimwa kwa kilo.
Hizo utazipima kwa nini? Kwa pua?"
Akacheka peke yake, akaingia migombani.

Saa saba jua likachungulia.
Kutoka dirisha la jikoni nikaona
mkono unapita juu ya wavu,
vidole vimetanuka kama reki,
unageuza, unatandaza, unaitoa iliyokunjamana,
mkono ambao hakuna aliyeutuma.
Saa tisa ukageuza tena.
Na wingu liliposhuka kutoka mlimani
ni yeye aliyepiga kelele:
"Turubai! Ndekusura, turubai!"
Tukakimbia wote wawili, ndara zikiteleza,
utadhani nje kuna magunia sitini.

Siku ya tano nyekundu zilikuwa na rangi
ya tai yake ya harusi,
nyeupe zimekuwa karatasi ya barua ya zamani.
Nilishafungua kopo tupu la kahawa ya dukani,
niwahi basi la alfajiri.

"Ngoja."

Akaokota moja, akaiweka katikati ya meno,
akafumba macho,
kama alivyokuwa akiing'ata punje
mbele ya karani wa ushirika,
akisikiliza itavunjikaje.

"Bado. Ndani ina maji.
Siku mbili."

Akaitafuna. Akaimeza.
Halafu, akiangalia pembeni, kule kwenye parachichi:
"Mwambie mama yako
aliyegeuza ni mimi."