Imechelewa, Itatangazwa

Miaka kumi na tisa nyuma ya kidirisha,
Stesheni ya Tabora, nakata tiketi za Kigoma, Mpanda, Mwanza.
Chaki yangu naijua: *Imechelewa. Itatangazwa.*
Watu huguna, hulalia mabegi, hutafuna karanga,
treni huja.

Sindano nilianza Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu.
Daktari wa sukari, kijana, kucha safi,
alinionyesha mahali: vidole viwili kutoka kitovu.
"Njaa itapungua, mama."
Haikupungua. Ilihama bila kuaga.
Niliwasongea wanangu ugali nikautazama
kama mtu atazamavyo picha ya shule ya zamani,
sura zote nazijua,
hakuna ninayetaka kumwita.

Kilo nne. Kilo tisa.
Sare ikanipwaya mabegani. Mwashamba, fundi wa Ng'ambo,
akaibana mara mbili, akasema,
"Mara ya tatu tunashona mpya, dada Kalunde,
kitambaa nacho huchoka."
Nikajigeuza kwenye kioo chake chenye ufa.
Nani hapendi kusifiwa?

Lakini ile kalenda ya ushirika wa tumbaku,
inayoning'inia nyuma ya mlango wa chumbani,
ambayo mimi huiwekea nukta ya wino mwekundu:
Aprili nyeupe.
Mei nyeupe.
Sisi ndio tunaoitwa watu wa mwezi,
na mwezi umenipita hata honi haukupiga.

Mama mkwe alikuwa anahesabu kuliko mimi.
Bi Nyanzala alikuja na michembe kwenye kitambaa,
macho yake yakatua tumboni kwangu kabla hajaketi.
"Unakonda, asubuhi unatapika.
Nimezaa saba, mwanangu, usinifiche."
Nifiche nini? Kipimo nilikinunua mtaa nisikojulikana.
Mstari mmoja. Kesho yake tena, mstari mmoja.
Reli moja,
na mimi najua hakuna treni ipitayo juu ya reli moja.

Kisha Juni.
Foleni ya watu arobaini, treni ya Kigoma imebakiza dakika ishirini,
nami nimekaa juu ya damu yangu nikirudisha chenji,
behewa baada ya behewa, siwezi kuinuka.
Mwanamke mmoja wa kwenda Urambo, ana kuku kapuni,
alinitazama uso tu.
Akavua khanga yake ya juu
akaipenyeza chini ya kioo pamoja na nauli.
"Utanipa nikirudi."
Jina sikumuuliza. Nyuma yake walikuwa wanasukumana.

Kitete, nesi Siwema aliandika kwanza, akaongea baadaye.
"Mwili ukipungua mbio hushtuka.
Hedhi ni kitu cha kwanza unachoweza kukifungia stoo.
Mwingine hazioni siku zake, mwingine zinamjia kwa fujo.
Nao wapo waliozikosa miaka, zikawarudia,
wakabeba mimba wasiyoipanga.
Daktari wako ulimwambia?"
"Hakuniuliza."
"Na wewe je?"
"Mtoto wa kiume yule," nikasema, "ana kucha safi."
Tulicheka mpaka aliyelala kitanda cha jirani akageuka.
Halafu hakucheka tena. "Kamwambie. Leo."

Nilimwambia. Aliona haya kunizidi,
akapunguza dozi, akaniandikia kipimo cha damu na vidonge vya madini,
na mara hii akauliza tarehe.

Julai ina nukta mbili: ya nne, na ya ishirini na sita.
Sijui kama hii ni ratiba mpya
au ni ile ya zamani inayojikongoja.
Mama mkwe bado anahesabu. Mwashamba anadai vipimo.
Njaa ilirudi juzi, kidogo, kwa harufu ya dagaa,
nikafurahi kama mjinga.

Khanga nimeifua, imo droo ya tiketi.
Maandishi yamefifia kwa sabuni,
linasomeka neno moja: *usinihesabie*.
Kila treni ya kutoka Urambo ikiingia
nanyoosha shingo nitafute kapu la kuku.