Pete ya Mshipa

Sofia, Februari, saa nne usiku.
Tramu ya mwisho imepita, imetikisa vioo,
na Rumiana bado hajavua koti jeupe.
Amekata pete ya mshipa wa sungura,
nyembamba kama kipande cha tambi,
ameitundika kwa ndoana mbili
ndani ya maji ya chumvi yenye joto la mwili.
Viputo vya oksijeni vinapanda kando yake.
Pete haijui kwamba sungura hayupo.

Ndivyo nyama ilivyo: huchelewa kupata habari.

Anadondosha tone la noradrenalini,
kemikali ile ile inayotukimbia damuni
mbwa akibweka nyuma ya mlango.
Pete inajibana. Inajikunja kama ngumi
ya mtoto aliyeficha sarafu.
Kalamu inapanda karatasi, inapanda,
inasimama juu, inatetemeka pale.

Sasa kichupa cha dawa ya kikohozi,
iliyokamuliwa kutoka ua la njano
liotalo mchangani, kule Bahari Nyeusi,
ua ambalo utotoni alilichuma bila kuuliza jina.
Tone moja: kalamu inasita.
La pili: inashuka kidogo, kama mtu
anayetafuta ngazi gizani kwa kidole cha mguu.
La tatu, na ngumi imefunguka,
sarafu imeanguka.

Anarudia. Pete nyingine, maji mengine.
Safari hii dawa imetangulia,
na hofu inabisha hodi, inabisha,
haifunguliwi.

Hapo ndipo anapomkumbuka baba yake, Stamen,
miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi ya Pernik,
kifua kimejaa makaa ambayo hakulipwa kuyabeba.
Hunywa sharubati hii kwa kijiko cha supu,
si cha chai,
na kikohozi hunyamaza, kweli hunyamaza,
lakini alfajiri akiinuka kitandani
chumba humzunguka, magoti humsaliti.
Juzi alivunja beseni.
Mama alisema, "Rakia hiyo."
Majirani wakasema, rakia.
Yeye mwenyewe, mtu wa haya, alikaribia kukubali.

Rumiana anautazama mstari ulioporomoka.
Sungura si baba. Pete si mtu.
Profesa Balkanski angemwambia: binti,
usipime ziwa kwa kijiko.
Anajua. Hata hivyo anakwenda kwenye simu ya ukumbini.

"Mama, mwambie asisimame ghafla.
Akae ukingoni mwa kitanda, ahesabu hadi ishirini.
Na kijiko kiwe cha chai."
Kimya. Waya unakwaruza.
"Kwa hiyo haikuwa rakia?"
Nyuma ya sauti yake anamsikia baba
akikohoa mara moja, kisha akijizuia
ili asikie jibu.
"Ilikuwa rakia pia," anasema Rumiana,
"lakini mwombe radhi kwa lile beseni."