Mengineyo

Bagamoyo, Barabara ya India, chumba cha chini,
ukuta unabambuka chokaa kila mtu akipiga chafya.
Mimi ndiye mwenye daftari.
Kazi yangu kabla ya maonyesho ni kuuliza, si kupenda.

Fomu ina safu saba, nilizipiga mwenyewe kwa rula:
jina, kazi, mali ghafi, vipimo, uzito,
ziko ngapi, kundi.
Makundi ni uchongaji, uchoraji, ufinyanzi, ususi,
na chini kabisa, kwa herufi za aibu, Mengineyo,
ambamo mwaka jana tulitia keki ya harusi
na pikipiki ya makopo.

Jumanne, saa nane, akaja binti na kishikwambi
kilichobanwa kwa mpira wa baiskeli.
Jina?
"Sikujua."
Hujui jina lako?
"Ndilo hilo, kaka. Sikujua Pazi.
Mama alidhani ni malaria hadi mwezi wa sita."

Nikaandika. Mali ghafi?
Akatazama dari. "Mwanga."
Vipimo? "Kiganja. Au ukuta, mkipata projekta."
Uzito? "Megabaiti arobaini na moja."

Bwana Mloka, mkuu wangu, akacheka mezani kwake.
"Sanaa bila vumbi! Mwanangu, hapa hatusajili umeme."
Yeye ni mtu wa mpingo; kucha zake zina weusi
usiotoka hata kwa limau.
Akatupa swali lake la kufungia mjadala:
"Ya asili iko wapi?"

"Iko hapa. Iko na kwenye simu. Nyingine kwa shangazi, Zinga.
Nyingine nimemtumia kaka, sijui kama ameifungua."

"Basi zote ni vivuli."

Mlangoni akapita mke wa mlinzi na ndoo,
kanga kiunoni, mwenziwe kichwani.
Kati ya hizo mbili, ya asili ni ipi?
Kiwanda kilitoa elfu kumi,
na bado siku aliyofiwa alijifunika hiyo moja,
na hakuna aliyesema analilia ndani ya nakala.
Nilitaka kulisema hilo. Nikameza.
Mwenye daftari halipwi kwa kubisha.

Picha yenyewe: mama yake kwenye mashamba ya chumvi,
ameinama, reki mkononi,
visigino vimepasuka kama bwawa lililokauka.
Nikaikuza kwa vidole viwili, nikaikuza tena.
Ndani ya ufa kulikuwa na chembe za chumvi,
kila chembe na kivuli chake,
nane, tisa, hesabu ikanipotea.

"Si mashine iliyokuchorea hii?"
"Mashine haijawahi kumpaka mama mafuta ya nazi miguuni."
Miezi minne, alisema, kidole kimoja,
kile cha shahada,
kimesuguka hadi simu haisomi tena alama yake.

Umeme ukakatika.
Chumba hakina dirisha. Vinyago vyote vikafa,
mitungi, mikeka, mlango wa nakshi wa Bwana Mloka
uliomlia miaka miwili, vyote vikawa giza moja.
Akabaki mama mmoja na chumvi yake
akiwaka nyusoni mwetu.
Hakuna aliyesema kitu. Chaji asilimia nne.
Tatu.
Kisha naye akazimika,
nikamsikia Bwana Mloka akipapasa mlango wake,
kiganja juu ya ua, juu ya mnyororo,
taratibu, kama anayehesabu waliosalimika.

Umeme uliporudi alikuwa amekaa,
anafuta miwani isiyo na uchafu.

Jioni fomu ikamfikia. Safu ya saba nimeiacha tupu.
"Hii umeiweka kundi gani?"
"Sikujua," nikajibu.
Akaniangalia. Hata sasa sina hakika
kama alisikia jina au alisikia ungamo.
Akanyoosha mkono,
akaomba rula.