Ilisimama Lini?

Jumanne alfajiri niliamka na sikio moja.
La kushoto limefungwa kama duka la aliyefiwa,
ndani yake mluzi mwembamba usio na mwenyewe.
Nikasema ni nta. Nikasema ni maji ya kuoga.
Rukiya akanitilia mafuta ya habasoda, vuguvugu;
jirani akasema ni upepo, nisomewe.
Nikasomewa.

Dukani Kibokoni nikafungua vile vile,
nikaiweka saa ya mteja sikio la kushoto,
mazoea ya miaka thelathini,
nikamwambia: hii imekufa.
Nayo yatembea.

Siku ya kumi na moja ndipo nilipopanda ngazi za hospitali,
mkono ukutani, sakafu ikiinama kama sinia.
Daktari Mghoi aliuliza machache.
Siku ngapi? Kizunguzungu je? Sukari? Umri?
Sitini na tatu, nikasema,
na kila jibu langu aliliandika
bila kuinua macho.

Benchi moja nami alikuwa Chengo, mwendesha kreni wa Kilindini.
Yeye alikuja siku ya pili,
kijana, hana sukari, hakuyumba hata hatua.
Tulipewa vidonge vya aina moja.
Vyangu vikanipandisha sukari mpaka ikabidi vipunguzwe,
wakanidunga sindano kwenye kiwambo cha sikio;
nikameza mate, nikahesabu meno ya gurudumu dogo.
Juma la tatu Chengo alirudi kazini.
Nikamuuliza daktari: ningewahi?
Akasema wako waliokuja siku ile ile
wakatoka mikono mitupu.
Hakusema zaidi, nami sikumkamua.

Kilichorudi ni kinene: lori la mchanga,
mlango wa bati, kikohozi cha imamu.
Chembamba kimebaki huko kilikokwenda.
Nikilala ubavu wa kulia, Rukiya akiita “Salimini,”
huingia “alimini,” 
na “sisi” haiingii ila irabu zake mbili,
kama nyumba iliyoibwa milango.

Usiku huziba la kulia kwa kiganja,
naisogeza saa ya marehemu baba.
Kimya. Naigusisha mfupa nyuma ya sikio.
Kimya, halafu kitu. Au mshipa wangu.
“Wafanya nini gizani?”
Napima.

Siku hizi mtu akiniletea saa siiweki sikioni kwanza.
Nauliza:
ilisimama lini?