Kiasi

Simai kaleta viasi vitatu ndani ya kofia,
kavipanga juu ya kinu kilichopinduliwa.
Chekundu: namba sita, marisau mengi, madogo kama mtama.
Cha kijani: namba nne, machache, mazito kama choroko.
Cha tatu hakina rangi, mdomo umezibwa nta ya mshumaa.
Hicho alikijaza mwenyewe, usiku, mlango kaukomea,
na hasemi ametia nini.

Tunabishana tangu Mfungo Mosi.
Kanga wa maweni ya Mtende si kuku wa mtu.
Hatua thelathini, keshasikia jiwe likilia chini ya lapa.
Arobaini, shingo iko juu.
Hamsini anakuangalia tu,
kama mwenye duka anayejua leo pia umekuja kukopa.
Basi ugomvi wetu ni wa hamsini hiyo:
kiasi kipi kinafika huko na akili zake?

Mize, mke wangu, katoa kanga yake kuukuu,
kipande kimoja, chenziwe kilishakuwa nepi.
Tukaitundika kwenye kamba, mkwaju huku, choo kule,
na Mcha, miaka tisa, akachora kwa makaa
duara la sinia juu ya maandishi:
USINIPIMIE MBALI, NAMI NIKO KARIBU.
"Kanga kwa kanga," Mize akasema, akavuta kigoda. "Haya, ueni."

Chekundu kikalia.
Nguo ikatikisika kidogo, kama mtu kaipita kwa adabu.
Mcha akahesabu: ishirini na tatu duarani,
mengine yametawanyika kama watoto waliofunguliwa chuoni,
na manne hayakupenya, yamelala chini ya pindo, baridi.
"Huyu kaondoka," nikasema. "Kaondoka na risasi tumboni,
atakufa kesho kwenye shimo la jiwe, watakula siafu."

Cha kijani kikapiga ndani zaidi.
Kumi na moja tu, lakini matundu safi,
na chokaa ya choo ikamwagika kwa nyuma.
Simai akaweka kiganja kati ya tundu na tundu:
"Tazama nafasi hii. Kanga mzima angesimama hapa
akadonoa mchwa, akamaliza."
Sikumjibu. Kiganja chake kikubwa, lakini hakudanganya.

Halafu kile kisicho na rangi.
Bega langu bado linakumbuka.
Moshi ulipoondoka, MBALI halikuwapo.
Neno zima limeng'oka, tundu la ngumi, kingo zinafuka,
na Simai akakiri, macho chini: chubwi za nyavu,
kazikata kwa patasi.

Mize hakucheka.
Akaingia jikoni, akatoka na kisu cha samaki,
akampa mpini.
"Kanga kaanguka. Marisau hayachinji. Kimbia."
Simai akakimbia, hatua hamsini za mawe yenye meno,
lapa moja likabaki nyuma, kidole kikapasuka,
Mcha anahesabu kwa sauti, moja, mbili,
na alipoishika nguo hesabu imefika thelathini na nane.
"Kishakufa," Mize akasema. "Huo mzoga. Mimi sipiki."

Tukakaa kimya juu ya kinu.
Miezi yote hiyo tulikuwa tukipima bunduki;
hakuna aliyepima miguu.
Simai akauliza, polepole, kama anajiuliza mwenyewe:
"Na hatua thelathini na tano? Kwa kijani? Kwa kulala kifudifudi?"
Mize akamfunga kidole kwa utambi wa taa,
akakaza kidogo kuliko ilivyohitajika.

Ile nguo hatukuiteremsha.
Asubuhi niliamka kwenda choo na birika langu,
jua limepanda nyuma ya mkwaju, linapita matunduni,
na ukutani kuna madoa meupe, madogo, mengi,
yanatikisika kwa upepo, yanasogea, yanarudi:
kanga kamili, kifua, mgongo, bawa,
hatua tatu kutoka nilipo,
na mimi mkononi nina birika.